Korona Iliposhuka Kwenye Figo

Chini ya kitanda cha mgonjwa mahututi, mahali ambapo jicho la mgeni aghalabu halifiki, huning'inia mfuko wa plastiki uliochorwa mistari ya kipimo, na ndani yake mkojo hudondoka tone kwa tone kutoka katika mpira uliopitishwa hata kibofuni. Jamaa wakiruhusiwa kuingia hutazama kwanza uso wa mtu wao, kisha mashine ya kupumulia iliyo kando ya mto, kisha kioo kinachoonyesha mapigo ya moyo. Mwuguzi peke yake ndiye ambaye kila saa inapotimia huinama, akasoma mstari uliofikiwa, akauandika. Hesabu hiyo ndogo, inayotokana na kitu ambacho watu huona haya hata kukitaja, ndiyo iliyowapa matabibu wengi, katika miezi ya mwanzo ya janga la korona mwaka 2020, habari ambayo hawakuwa wameitarajia: kwamba maradhi yaliyoingia kwa njia ya pumzi yalikuwa yamekwisha kushuka hadi kwenye figo.

Mwanadamu kaumbwa na figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, zilizolazwa huku na huku ya uti wa mgongo. Na ingawa uzito wake zote mbili haufiki hata sehemu moja katika mia ya uzito wa mwili, hupokea karibu humusi ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno visivyoonekana kwa macho, idadi yake karibu milioni moja, ambavyo kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, kiasi cha madebe 9; kisha mifereji iliyoungana na vichujio hivyo huyarudisha mwilini karibu maji yote pamoja na chumvi na sukari iliyo ya manufaa, isibakie ila lita moja na nusu au mbili, zenye taka, ambazo ndizo mkojo. Kazi hii ya kurudisha ni nzito na hutumia oksijeni nyingi, na kwa sababu hiyo damu ikipungua nguvu, au ikiwa haba ya oksijeni, seli za mifereji huwa miongoni mwa zile zinazoanza kudhurika.

Jeraha la ghafla la figo ni jambo mbali na yale maradhi ya figo ya miaka mingi yanayoletwa na kisukari au shinikizo la damu, kwani hili huja kwa saa au kwa siku chache tu, hata kwa mtu ambaye juma lililopita figo zake zilikuwa na siha kamili. Matabibu hulitambua kwa alama mbili. Ya kwanza ni kreatinini, taka itokayo katika misuli, ambayo figo zikichoka hurundikana katika damu. Ya pili ni mkojo wenyewe, kwa maana mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kila saa, yaani vijiko viwili tu vya chakula, kwa muda wa saa sita mfululizo, huhesabiwa kuwa figo zake zimekwisha kujeruhiwa. Kreatinini huchelewa kupanda, na mara nyingi mkojo hutangulia kutoa habari. Hatari yenyewe si ya kudharauliwa: maji yaliyokosa njia ya kutoka huenda yakatuama katika mapafu ambayo tayari yana taabu, tindikali huzidi katika damu, na potasiamu, chumvi ambayo kwa kiasi chake ni rafiki wa moyo, ikipita kiasi huweza kuusimamisha moyo ghafla.

Katika hospitali 13 za mfumo wa Northwell huko New York, wagonjwa 5,449 wa korona waliolazwa mwezi Machi na siku za mwanzo za Aprili 2020 walichunguzwa, na ikadhihirika kwamba zaidi ya thuluthi yao walipata jeraha la ghafla la figo. Lakini tofauti baina ya kundi na kundi ilikuwa ya kushitua, maana miongoni mwa waliowekewa mashine ya kupumulia, karibu tisa katika kila kumi waliumia figo, ilhali kwa wale wasiohitaji mashine hiyo idadi ilikuwa karibu mmoja tu katika kila watano. Tena, katika hao wa mashine walioumia, zaidi ya nusu walianza kuumia ndani ya saa 24 za kuwekewa mpira wa pumzi. Pafu na figo zilikuwa zikianguka pamoja, kama watu wawili waliofungwa kamba moja.

Ni nini kilichozifunga kamba hiyo? Ipo hoja ya kwamba kirusi chenyewe huingia katika figo, kwa kuwa kile kipokezi kinachotumiwa na kirusi kuingilia katika seli za mapafu hupatikana kwa wingi pia katika mifereji ya figo. Lakini sababu nyingi hazikuhitaji kirusi kufika huko. Mgonjwa aliyelala nyumbani siku saba na homa, jasho na kuhara, asiweze kula wala kunywa, hufika hospitalini damu yake imekwisha kupungua maji. Kinga ya mwili iliyoghadhibika hulegeza mishipa ya damu hata shinikizo likashuka. Damu yenyewe huwa nzito, ikafanya mabonge madogo katika mishipa myembamba. Mashine ya kupumulia, ambayo hapana budi nayo, husukuma hewa kwa nguvu kifuani na kuipunguza damu inayorudi moyoni. Na baadhi ya dawa ambazo mgonjwa hupewa kwa nia njema huzidisha mzigo juu ya figo ambazo zimekwisha kulemewa. Hakuna moja kati ya haya ambayo ni lazima iwe na nguvu ya kuangusha figo peke yake, ila yakijumuika katika mwili mmoja kwa usiku mmoja, mifereji huzidiwa.

Liko jambo jingine linalowahusu watu wa asili ya Afrika. Kuna maumbile mawili ya jeni iitwayo APOL1, yanayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, ambayo wataalamu wanaamini yalienea kwa kuwa humkinga mwenye nayo na vimelea vya malale, maradhi yanayoletwa na mbung'o. Aliyerithi maumbile hayo kwa baba na kwa mama pia, huwa figo zake zimo katika hatari zaidi, na Wamarekani weusi kadhaa walioambukizwa korona walipatwa na ugonjwa mzito wa vichujio vya figo, ukamwaga protini nyingi katika mkojo. Urithi uliokuwa ngao ya mababu dhidi ya mbung'o ukageuka udhaifu kwa wajukuu walio ng'ambo, mbele ya adui ambaye mababu hawakumjua.

Dawa ya kumeza au ya sindano inayoponya jeraha hili la figo haijapatikana. Tabibu hulinda shinikizo la damu, hupima maji yasipungue wala yasizidi, huondoa kila dawa yenye kudhuru. Na figo zikigoma kabisa, husafisha damu kwa njia nyingine ili figo zipate wasaa wa kujiponya zenyewe. Mashine ya kusafishia damu ilianza kwa unyonge: mwaka 1943, katika mji wa Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, tabibu Willem Kolff alizungushia pipa la mbao neli ya selofani, ile inayotumiwa kama ngozi ya soseji, akalizamisha pipa katika beseni la maji ya chumvi na kuipitisha damu ya mgonjwa nelini. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki, naye hakukata tamaa, hata mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu alipofumbua macho.

Miaka zaidi ya 70 baadaye, New York yenye mali zake zote ilijikuta katika Aprili 2020 ikipungukiwa mashine hizo, maji yake na wauguzi wanaojua kuziendesha. Hospitali ya Bellevue ni miongoni mwa zilizorejea njia nyepesi zaidi, isiyohitaji mashine kubwa: mpira laini hupitishwa katika ukuta wa tumbo, maji safi yenye chumvi na sukari humiminwa ndani, yakakaa muda yakivuta taka na maji ya ziada kupitia utando unaoyafunika matumbo, kisha hutolewa na kumwagwa. Njia hiyo haikuwa ngeni kwetu, kwa kuwa matabibu wa hospitali ya KCMC, Moshi, walikuwa wakiitumia kuwaokoa wenye jeraha la ghafla la figo miaka kadhaa kabla ya korona kujulikana.

Matokeo hayakuwa mepesi. Miongoni mwa wagonjwa mahututi 3,099 wa korona waliofuatiwa katika hospitali za Marekani, mmoja katika kila watano alihitaji kusafishwa damu. Katika hao, zaidi ya nusu walifariki, na walioruhusiwa kwenda nyumbani, thuluthi yao waliondoka wakiwa bado wanaitegemea mashine. Hata figo inayorudi kazini yaweza kubaki na kovu, na kovu likaja kuonekana baada ya miaka.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kwetu sisi, malaria kali, kuhara na damu inayomtoka mzazi wakati wa kujifungua huziumiza figo kwa njia hizo hizo za kupungua maji na kushuka kwa shinikizo, na wengi hufika hospitalini wakiwa wamekwisha kumeza diklofenaki bila ya ushauri, dawa ambayo katika hali kama hiyo huipunguzia figo damu iliyobaki. Kwa hiyo aliye na mgonjwa wa homa au kuhara nyumbani na aangalie haja yake ndogo: mgonjwa aliyepitisha nusu ya mchana hakwenda haja, au aliyetoa kidogo chenye rangi ya chai ya rangi, apelekwe kwa tabibu siku hiyo hiyo. Naye aliyetoka hospitalini baada ya kuugua sana, korona iwe au maradhi mengine, na arudi miezi mitatu baadaye kupima kreatinini, mkojo na shinikizo la damu, hata kama anajiona mzima, maana figo haziumi wala hazipigi kelele zinapoharibika. Mwuguzi aliyeinama kila saa kuusoma mfuko chini ya kitanda alilijua hilo, na kazi yake, mgonjwa akisharudi nyumbani, hutushukia sisi jamaa zake.