Mto Thika na Haki ya Aliye Chini

Mto Thika una kazi mbili zisizopatana kirahisi. Kule juu Gatanga, kaunti ya Murang'a, bwawa la Ndakaini linauzuia ili Nairobi inywe. Huku chini, ukishaungana na Chania mjini Thika na kupita upande wa Gatuanyaga na Ngoliba, mfereji wa Yatta unachota humo humo ili mashamba ya Matuu yamwagiliwe. Aliye katikati hana bwawa wala mfereji. Ana mto tu, na pampu ya petroli kama amejaliwa.

Bwawa huweka akiba. Ndakaini, lililokamilika katikati ya miaka ya 1990, lina nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Maji yake hupitishwa kwenye mahandaki hadi Mto Chania, yakachotwa Mwagu na kusafishwa Ngethu kabla ya kufika jijini. Mvua ikikosa, akiba hiyo husogeza siku, ingawa si milele: mwaka 2017 ilipungua hata wakazi wa Nairobi wakawekewa mgao.

Banio la mfereji halina akiba yoyote. Ni ukuta mfupi unaokatiza mto na kuinua maji kiasi cha kuingia mferejini yenyewe, bila pampu. Pembeni mwa mdomo wa mfereji huwekwa lango la chuma, nalo ndilo roho ya mtambo mzima. Mafuriko ya Aprili yakishuka na tope, lango hufunguliwa mto upeleke mchanga wake mbele. Likishikwa na kutu, mchanga hurundikana mdomoni na wakulima hushinda na koleo mikononi badala ya jembe.

Mfereji wa Yatta, wenye urefu wa kilomita 60 hivi, ulichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Mradi wa umwagiliaji wa Mwea nao ulijengwa vivyo hivyo, na wakulima wake wa mpunga waliishi kwa zamu za maji ya mito ya Thiba na Nyamindi hadi bwawa la Thiba lilipozinduliwa mwaka 2022. Miaka zaidi ya 60 ya kugombania zamu! Hilo lingetosha kutuonyesha kwamba kuchepusha mto hakuongezi maji hata tone.

Tufanye hesabu ya kiangazi. Ekari moja ya nyanya au mishiri, ikihitaji milimita 5 za maji kwa siku, hunywa takriban lita 20,000. Hiyo ni mitungi 1,000 ya lita 20. Kwa kipimo cha lita 50 kwa mtu, ekari hiyo imekunywa maji ya watu 400. Weka pampu kumi ukingoni Februari, mto ukiwa umekonda, uone aliye chini ataamka na nini.

Ndiyo maana Sheria ya Maji ya 2016 inatambua kiasi cha maji kinachopaswa kubaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe. Wataalamu wa Kenya hukipima kwa mtiririko ambao mto huufikia au kuupita katika asilimia 95 ya muda. Chini ya hapo, shamba hungoja. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilikuwa zimekwenda mbali zaidi: anayemwagilia alitakiwa avune maji ya mafuriko na kuyahifadhi yamtoshe siku 90. Kwangu mimi hiyo ndiyo kanuni yenye busara kuliko zote, na ndiyo iliyopuuzwa zaidi, kwa sababu kuchimba kidimbwi ni ghali na bomba la kutupa mtoni ni rahisi.

Kwa hiyo mkulima wa Gatuanyaga, kabla hujanunua pampu kubwa zaidi, kamilisha kibali chako kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, halafu fedha iliyobaki uitumie kuchimba kidimbwi na kukitandika karatasi ya plastiki. Mvua za Machi hadi Mei zitakujazia.