Selimundu si kosa la mama: Kipimo ambacho mzazi asisubiri mtoto augue ndipo akitafute

Nyumba tuliyokulia Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na uani kwa nyuma. Chumba cha mwisho walipanga mama mmoja kijana na mumewe, fundi cherehani. Mtoto wao wa kwanza hakuwa ametimiza mwaka alipoanza kuvimba vidole vya mikono na miguu. Usiku alilia hadi nyumba nzima ikaamka.

Watu wazima walisema ni meno. Baadaye wakasema ni malaria, na kila alipopelekwa zahanati alirudi na dawa ya malaria. Macho yalipogeuka manjano, wakasema ni kijicho cha majirani. Mwisho mama mkwe alikuja kutoka shamba, akasema mbele ya wapangaji wote kwamba ukoo wao hauna ugonjwa wa namna hiyo. Hakuhitaji kuongeza neno. Kila mtu alielewa nani anabebeshwa lawama.

Mtoto alifariki kabla ya kutimiza miaka mitatu. Mama yake alirudi kwao Rufiji na begi moja.

Damu ya mtoto yule haikuwahi kupimwa selimundu, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomuua. Lakini kila ninaposoma dalili za ugonjwa huo kwa watoto wachanga, navikumbuka vile vidole. Na kutoka uani kwetu hadi Muhimbili ni mwendo wa miguu: unavuka Barabara ya Morogoro pale Faya, unaingia Upanga. Huko, miaka mingi baadaye, ndiko ulikofanyika utafiti ambao kila mzazi anapaswa kuujua.

Machungwa mawili katika kila kapu

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za duara na laini, hupinda na kuwa ngumu kama mundu wa kukatia majani. Zikipinda hukwama katika mishipa midogo, na sehemu isiyopata damu huuma vibaya sana. Pia hufa mapema kuliko chembe za kawaida, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho huwa ya njano.

Chanzo chake ni kosa dogo sana: herufi moja tu imebadilika katika maelekezo ya mwili ya kutengeneza himoglobini, ile kemikali ya damu inayobeba hewa ya oksijeni.

Sasa tuje kwenye lawama. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo hayo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Chukulia kila mzazi ana kapu lenye machungwa mawili, moja zima na moja lenye doa. Mzazi huyo hana ugonjwa, kwa sababu chungwa zima linatosha. Hospitali humwandika AS. Mtoto huchukua chungwa moja kutoka kila kapu bila kuangalia. Akipata yote mawili mazima, ni AA. Akipata moja lenye doa, ni AS kama wazazi wake. Akipata yote mawili yenye doa, ni SS, na huyo ndiye mwenye selimundu.

Kwa hiyo, baba na mama wakiwa wote AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Hesabu huanza upya kila mimba. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.

Na mtoto hawezi kuwa SS kwa kapu la mama peke yake. Yule mama mkwe hakujua kwamba doa moja lilitoka katika ukoo wake mwenyewe.

Kwa nini sisi?

Mwaka 1954, daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa damu za watu wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba wenye doa moja ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, na ni wachache sana nyanda za juu zenye baridi. Akaonyesha sababu: mtu wa AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi watoto wa AS walinusurika zaidi, wakakua, wakarithisha.

Kinga hiyo haimfai mtoto wa SS. Kwake malaria ni hatari zaidi, maana damu yake tayari ni pungufu.

Dar es Salaam imekusanya watu wa pwani, wa ziwa na wa kila mkoa. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na imo katika nchi tano zinazoongoza duniani.

Walichokiona Muhimbili

Mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili walianza kuandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Hadi mwaka 2009 walikuwa wameandikisha wagonjwa 1,725. Kati yao 86 walifariki katika kipindi hicho. Vifo vilikuwa vingi zaidi kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Maana yake ni kwamba wengi wanaotuponyoka, wanatuponyoka mapema, mara nyingine kabla familia haijajua jina la ugonjwa.

Kati ya Januari 2015 na Novemba 2016, Dk. Siana Nkya na wenzake waliwapima watoto wachanga 3,981 jijini kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Watoto 31 walikutwa na selimundu. Wengine 505, yaani karibu mmoja katika kila wanane, walikuwa AS. Kati ya wale 31, watoto 24 waliandikishwa kliniki wakiwa bado wadogo.

Miezi sita ya neema

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hatulijui. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, himoglobini ya mimba, ambayo haipindi. Huzaliwa nayo kwa wingi, kisha hupungua polepole. Ndiyo maana mtoto wa SS huzaliwa mzima, ananyonya na kunenepa, na dalili huanza kujitokeza anapokaribia miezi sita au baada ya hapo.

Miezi hiyo ni nafasi ya kujiandaa. Mtoto akijulikana mapema, huanza penisilini kabla maambukizi hayajamkuta. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku ilipunguza maambukizi makali kwa watoto hao kwa asilimia 84. Ni dawa ya zamani, lakini lazima ianze kabla mtoto hajaugua.

Himoglobini ya mimba imefungua njia nyingine pia. Wapo wagonjwa ambao miili yao huendelea kuitengeneza kwa wingi hata ukubwani, na ugonjwa huwa mwepesi kwao. Kwa nini? Mwaka 2011, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa London walichapisha kazi iliyolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza. Moja ya sehemu za vinasaba walizoona zina mchango ni ile inayoitwa BCL11A, ambayo hufanya kazi kama swichi ya kuzima himoglobini ya mimba.

Swichi hiyohiyo ndiyo inayolengwa na tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Fedha hizo ni ndoto kwa mwenye meza ya mitandio Mtaa wa Kongo, na hata kwa mwenye ghorofa.

Lakini kuna dawa ya kunywa inayopandisha himoglobini hiyo: haidroksiurea. Watoto 606 wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola waliipata katika utafiti uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2018. Vipindi vya maumivu vilipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo pia. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari na kupimwa damu mara kwa mara. Usiinunue dukani kwa kusikia kwa jirani.

Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Tiba hiyo inaweza kuponya kabisa, ila huhitaji ndugu anayelingana na mgonjwa, na haimfai kila mtoto.

Mzazi afanye nini?

*Omba kipimo, na omba herufi.* Kipimo chepesi cha kuangalia kama chembe zinapinda hakitenganishi AS na SS. Omba kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, na uondoke na jibu lililoandikwa AA, AS au SS. Baba apime pia. Wachumba wapime kabla ya mahari. Jibu halivunji uchumba. Linawapa cha kuzungumza.

*Mtoto akiwa SS, fuata kliniki hata akiwa mzima.* Penisilini kila siku hadi miaka mitano, chanjo zote, chandarua kila usiku, na dawa ya kuzuia malaria kama daktari atakavyoelekeza.

*Homa ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.* Usimpe panadoli ukasubiri asubuhi. Ukifika, sema kwanza: mtoto huyu ana selimundu.

*Jifunze kupapasa bandama.* Iko kushoto, chini ya mbavu. Muuguzi atakuonyesha. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, damu inakwama humo, kimbia.

*Maji na joto la mwili.* Mtoto anayeshinda na mama gengeni au dukani kwenye jua la Kariakoo apewe maji mara kwa mara. Akinyeshewa mvua, badilisha nguo upesi.

*Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama,* hicho ni kiharusi. Watoto wa selimundu hukipata pia.

Mama mkwe na kapu lake

Yule mama wa chumba cha mwisho sijui alipoishia. Ninachojua ni kwamba aliondoka akiamini kuwa tumbo lake ndilo lililomuua mwanawe, na hapakuwa na mtu wa kumwambia vingine. Mumewe alibaki akishona, kisha akaoa tena. Hakuna aliyemshauri apime, wala yeye hakuuliza.

Leo wapo wa kueleza, na majibu wanayo hapo Upanga. Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayeumwa umwa, mwenye macho ya njano, au ambaye vidole vyake viliwahi kuvimba bila sababu, usikae kikao cha ukoo kumtafuta mwenye makosa. Mpelekeni akapimwe. Na mwende wote wawili, baba na mama.