Gavana Aliyeuawa Chania

Chania ni mto unaoporomoka kando ya hoteli ya Blue Posts mjini Thika, lakini jina hilo liliwahi pia kuwa la nchi nzima. Nchi yenyewe ilikuwa ya kubuni, na gavana wake aliuawa.

Aliyeibuni ni Elspeth Huxley, Mwingereza aliyeletwa Kenya akiwa mtoto na kulelewa kwenye shamba la wazazi wake karibu na Thika. Mwaka 1937 alichapisha Murder at Government House, riwaya ya upelelezi ambamo gavana wa koloni la Chania anakutwa amenyongwa ofisini mwake. Afisa wa polisi aitwaye Vachell anaanza kuwahoji wakubwa wa serikali mmoja baada ya mwingine. Vachell alirudi katika riwaya nyingine mbili kabla ya muongo ule kwisha.

Wengi humjua Huxley kwa kitabu chake cha 1959, The Flame Trees of Thika, ambacho kampuni ya Thames ilikigeuza kuwa tamthilia ya runinga mwaka 1981. Msichana Holly Aird aliigiza kama Elspeth mdogo. Mwaka 1987 mwigizaji huyo alionekana katika The Happy Valley, filamu ya BBC kuhusu mauaji ya Lord Erroll, aliyepigwa risasi na kukutwa ndani ya gari lake nje ya Nairobi Januari 1941. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa, akaachiliwa, na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Kuanzia mwaka 2000 Aird akawa mtaalamu wa kuchunguza maiti katika Waking the Dead, tamthilia ya kikosi kinachofufua kesi zilizokwama.

Kesi zilizokwama Wakenya wanazijua vizuri. Februari 1990 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa, na serikali ikamwalika John Troon, kachero wa Scotland Yard. Alikuwa mpelelezi wa Kiingereza wa kweli, si wa runinga. Alihoji watu, akaandika ripoti, tume ikaundwa na kuvunjwa. Mtu mmoja alifikishwa kortini, akaachiliwa mwaka 1994. Muuaji hajajulikana.

Mtu aliyekulia katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo huzitazama tamthilia za Waingereza kwa kiu ya pekee, iwe ni kwa king'amuzi, kwa intaneti au kwa flashi iliyojazwa dukani Ruiru. Katika Midsomer Murders, iliyoanza 1997, Inspekta Barnaby hubisha hodi kwenye jumba la tajiri na kumuuliza alikuwa wapi usiku wa jana. Humuuliza mtunza bustani swali hilohilo, kwa sauti ileile. Mkubwa anaweza kukasirika, kumpigia simu rafiki yake aliye serikalini, hata kumfungia mlango, lakini mwishoni lazima ajibu. Bastola hazionekani sana. Kinachomwangusha muuaji ni kauli mbili zisizolingana, na kabla kipindi hakijaisha jina lake limetajwa mbele ya wote. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ndio mvuto mkubwa kuliko yote, kuliko nyumba nzuri na bustani za maua: hakuna aliye juu ya swali.

Mvuto wa pili ni kwamba mtazamaji anashirikishwa. Dalili zote huwekwa wazi, ila zimefichwa katikati ya mambo ya kawaida. Miss Marple wa Agatha Christie, aliyeigizwa na Joan Hickson kwenye BBC kuanzia 1984, ni ajuza anayefuma sweta pembeni huku watu wakiropoka mbele yake kana kwamba hayupo. Ni kama shosho anayeuza sukuma wiki kwenye kona ya mtaa. Anajua nani amehama usiku, nani ameanza kununua kwa deni, nani hasalimiani tena na nani. Hickson alikuwa na miaka 78 alipoanza kazi hiyo, na ukali wa macho yake ulitosha kumfanya mshukiwa ababaike.

Lakini picha hiyo ya upelelezi wa Kiingereza ina pengo. Katika riwaya za Huxley wanaopekua na wanaoshukiwa zaidi ni Wazungu, na Waafrika wamewekwa pembeni ya hadithi. Midsomer nayo ilizua mjadala mwaka 2011, mtayarishaji wake aliposimamishwa kazi kwa kusema haikuwa na nafasi ya watu wa asili nyingine.

Mswahili alikuwa ameshajibu zamani. Mwaka 1960 Mohamed Said Abdulla wa Unguja alitoa Mzimu wa Watu wa Kale na kumleta Bwana Msa, mvuta kiko anayefuatana na rafiki yake Najum kama Sherlock Holmes na Watson. Maiti inakutwa mahali pa mizimu, watu wanataja mizimu, naye anatafuta mwanadamu. Kwenye skrini, huduma ya filamu mtandaoni ya Showmax ilileta Crime and Justice mwaka 2021, Sarah Hassan na Alphonse Makokha wakiwa makachero wa Nairobi.

Hadithi inayofuata ingefaa ihamie Ruiru. Mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa yenye ukuta na geti, na majirani wanajuana kwa nambari za nyumba tu. Kwenye geti kuna kitabu cha wageni, kalamu imefungwa kwa uzi: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya gari, nyumba anayokwenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Wengine huandika jina la uongo, wengine huondoka bila kutia sahihi, na mlinzi wa zamu ya usiku humfungulia tajiri bila kumwandika kabisa. Mtunzi akianzia hapo, tayari ana washukiwa wake kwenye ukurasa mmoja, na mmoja ambaye jina lake halimo.