MSHALE UNA KICHWA KIMOJA



Wengi katika kidato chetu cha sita wanataka kusoma Sheria huko Makerere. Yafaa wajue kwamba kule hawatazami alama za kidato cha sita peke yake. Uko pia mtihani wa kuingia. Na katika mitihani ya namna hii huwamo maswali ya kupima akili, yenye maneno mepesi kama maji, kumbe ndiyo yanayoangusha watu. Nimeona vema nieleze jinsi tunavyoyachora sisi jioni.

Kila sentensi yenye sharti tunaiwekea mshale. Chukua hii: mtu akiwa Koboko, yumo Uganda. Andika: Koboko → Uganda. Mshale huu hausomwi kinyumenyume, maana aliyemo Uganda aweza kuwa Arua, au Gulu, au Kampala. Lakini waweza kuugeuza ukitia “si” pande zote mbili: si Uganda → si Koboko. Aliyevuka mpaka pale Oraba akaingia Sudani ya Kusini hayumo Uganda. Basi hayuko Koboko.

Hadi mwaka 2005 Koboko ilikuwa ndani ya Wilaya ya Arua. Aliyesoma zamani angechora Koboko → Wilaya ya Arua, naye angesema kweli. Leo mshale huo ni wa uongo. Walakini katika mtihani usibishane na sentensi uliyopewa. Ichore kama ilivyo.

Wala tusijione wajinga tukikosa. Mwaka 1966 Peter Wason wa London alieleza chemshabongo yake ya kadi nne juu ya jambo hili hili, na wasomi wengi waliojaribiwa kwayo walishindwa.

Sasa mtego wa Kiswahili chetu, ambao kwangu ndio mkubwa: neno “tu”. “Ukipasi tu, utaingia.” Chora: kupasi → kuingia. “Waliopasi tu ndio watakaoingia.” Chora: kuingia → kupasi. Neno ni lile lile, lakini mshale umegeuka! Na habari ya Makerere ni hiyo ya pili. Kupasi mtihani wao ni lazima, lakini hakutoshi, kwa kuwa atokaye kidato cha sita atakiwa pia awe na pasi kuu mbili. Mtu akichora kinyume atawaaga wazee nyumbani kabla ya wakati.

“Mpaka” nalo ni la hatari. Twasema: gari la Arua haliondoki Koboko mpaka lijae. Wengi huandika limejaa → limeondoka. Sivyo. Ni limeondoka → limejaa. Ukiliona njiani, jua lilijaa. Lakini laweza kujaa mpaka mlangoni, abiria wamebeba kuku mapajani, na dereva bado anakula.