Kuchunguza anga ukiwa nyumbani: simu na macho vyatosha

Jamaa zetu wengi wa Pwani wamepanga vyumba bara kwa ajili ya kazi na masomo, na baadhi yao wako Mwiki, upande wa Ruiru. Jioni wakirudi, simu iko mkononi na bando limebaki kidogo. Wachache wanajua kwamba kwa simu hiyo hiyo wanaweza kuwasaidia wanasayansi kuchunguza anga, bila shahada wala darubini.

Jambo hili lilianzaje? Mwaka 2007, Kevin Schawinski, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, alipitia picha za galaksi 50,000 kwa wiki moja, akachoka. Zilizosalia zilikaribia milioni moja. Yeye na wenzake wakaziweka kwenye intaneti kwa jina la Galaxy Zoo, wakaomba watu wa kawaida wawasaidie. Ndani ya mwaka mmoja, watu zaidi ya 150,000 walitoa majibu yaliyopita milioni 50.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Unaonyeshwa picha, kisha unaulizwa: galaksi hii ni ya mviringo, au ina mikono iliyojizungusha? Unabonyeza jibu. Ukikosea, usijali. Picha moja hupitiwa na watu wengi na majibu yao hulinganishwa. Mwaka huo huo, mwalimu wa shule kutoka Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona doa la ajabu kando ya galaksi moja. Kumbe lilikuwa wingu kubwa la gesi, na leo linaitwa kwa jina lake.

Sasa miradi mingi ya aina hii inapatikana kwenye jukwaa la Zooniverse. Kushiriki ni bure, na hakuna malipo. Kwa hivyo atakayekudai ada ili akuunganishe, huyo ni tapeli. Maelezo mengi yako kwa Kiingereza. Anayekielewa na aketi na mdogo wake amfafanulie.

Sisi Wapwani tusijione wageni hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Roketi ilipaa kwetu, lakini matokeo yalisomwa ng'ambo. Leo picha za anga zinatufikia hadi chumbani. Tukizipuuza, tutamlaumu nani?