Kuku wa Mtoto na Mafunzo Yake

Katika sehemu nyingi za Kenya watoto hutumwa kila asubuhi kuwafungulia kuku, lakini ni wachache wanaopewa kuku kuwa mali yao wenyewe. Yafaa wazazi waitambue tofauti hiyo. Mtoto anayetumwa hujifunza kutii. Mtoto mwenye kuku wake hujifunza kutunza.

Funzo la kwanza ni subira. Yai la kuku huatamiwa kwa muda wa siku 21, wala hakuna haraka iwezayo kuzipunguza. Siku ya 7, wakati wa usiku, mtoto aweza kulimulika yai kwa tochi. Likiwa na uhai, ataona ndani yake mishipa myembamba myekundu, mfano wa utando wa buibui. Likiwa halina, litang'aa lote.

Funzo la pili ni hesabu. Mtoto na apewe daftari la kuandika mayai, vifaranga, chakula na fedha. Ikiwa mayai 12 yaliatamiwa, vifaranga 9 wakaanguliwa, na mwewe akachukua 3, ataona kwamba nusu ya tumaini lake imepotea. Hapo hatahitaji kuambiwa faida ya tenga la kuwafunikia vifaranga.

Funzo la tatu ni kujihadhari mapema. Ugonjwa wa kideri hauna dawa ya kuuponya, nao waweza kuwamaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Lakini chanjo yake ipo. Aina moja hutiwa tone jichoni, na hurudiwa baada ya miezi michache. Tarehe zake ziandikwe katika daftari lile lile. Tena mtoto na anawe mikono kwa sabuni kila atokapo bandani, kwa maana kinyesi cha kuku huleta maradhi ya tumbo.

Mafunzo ya namna hii si mageni nchini. Vyama vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mashuleni mwaka 1962, na vikafufuliwa mwaka 2021.

Hata hivyo, jambo moja laweza kuyaharibu yote. Mgeni akifika, baba akamchinja kuku wa mtoto bila kumwuliza, au mayai yakauzwa na fedha zisionekane, mtoto hujifunza kwamba jasho lake huliwa na wengine. Akiacha kuwafunika vifaranga, asiitwe mvivu. Mzazi mwenye haja na kuku huyo na amwombe mwanawe, kisha amlipe kwa bei ya sokoni.