Unite zinaisha bila kupiga simu: namna ya kulalamika mpaka watusikie

Ba papa na ba mama wa koperative, tumezoea kuongea nanyi juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunaongea juu ya simu. Hatujaacha kazi ya shamba. Lakini katika mikutano yetu huku Kirotshe, Shasha na Bweremana, kila mara kuna mtu ananyoosha mkono na kuuliza: "Niliweka unite jana jioni, leo asubuhi ziko zero. Nani alizikula?"

Mama mmoja mwanamemba alikuwa na vitunga 6 vya tomati tayari kwa mtumbwi wa asubuhi kwenda Goma. Mnunuzi alikuwa amemwambia: "Unipigie mbele ya kupakia, nijue kama nakuja bandarini." Jioni mama akaweka unite za franka 1.000. Saa kumi na moja ya asubuhi akajaribu kupiga: unite hazitoshi. Kabine zilikuwa bado zimefungwa, na simu ya jirani haikuwa na moto. Mnunuzi hakupata simu, akachukua mzigo wa mtu mwingine. Zile tomati mama aliziuza barabarani kwa bei ya hasara, sababu tomati haingoje.

Tulipofungua simu yake pamoja, tulikuta mesaji nyingi za namba fupi moja. Kila siku zilimletea habari za mpira, na kila siku walimkata franka. Mama haangalie mpira. Siku moja kiandiko kilitokea kwenye kioo cha simu, mtoto akafinya OK ili kiondoke. Ile OK ndiyo ilikuwa "mkataba".

Unite zinakwenda wapi?

Kama vile vidudu vya maharagi, hasara hii haionekani siku ya kwanza. Unaona gunia limejaa, kumbe ndani ni unga. Hizi ndizo njia ambazo tunaziona mara nyingi:

Ya kwanza ni yale masomo ya namba fupi: mpira, nyota, maombi, michezo ya kushinda zawadi, muziki wa kungojea. Mara nyingi siku za kwanza ni bure, kisha wanaanza kukata kila siku.

Ya pili ni mega. Forfe ikiisha ao saa zake zikipita, simu nyingine inaendelea kuingia intaneti kwa unite za kawaida, na hapo bei iko juu sana. Programu za simu zinajirekebisha zenyewe usiku, wewe umelala. Ukiisha kutumia mega, funga intaneti.

Ya tatu ni unite za mkopo. Ukikopa, unalipa na kitu juu. Mtu anasahau, akiweka unite mpya anaona zimepunguka, anafikiri ni wizi. Hapo kampuni haina kosa, ila kama haikukuonyesha bei mbele.

Ya ine ni reso ya jirani. Kule Goma karibu na mpaka, simu inaweza kushika reso ya Rwanda, na simu unayopiga ao kupokea inahesabiwa kwa bei ya nje. Angalia jina la reso juu ya kioo mbele ya kupiga.

Ya tano ni kuuziwa vibaya. Ajenti wa njiani anakuambia: "Chukua hii kadi, mega ni za mwezi mzima." Kumbe ni za siku tatu. Ao anakuandikisha kadi kwa jina la mtu mwingine ili amalize haraka. Hii ni mbaya zaidi, sababu siku ya kulalamika, kampuni itasema: "Hii namba si yako." Na kama ndani kuna pesa za mavuno, hizo nazo ziko kwa jina la mtu usiyemjua.

Tuseme mtu mmoja anakatwa franka 100 kwa siku. Kwa mwezi ni franka 3.000. Koperative ya watu 40 ambao wanakatwa vile inapoteza franka 120.000 kila mwezi. Muhesabu wenyewe ni kilo ngapi za mbegu.

Anza na kaye

Munajua tunavyowasumbua juu ya kaye ya shamba: tarehe ya kupanda, tarehe ya kupalilia, kilo za mavuno. Kwa simu ni vile vile. Chukua ukurasa mmoja, andika tarehe, saa, unite zilizokuwapo, unite zilizobaki, na namba fupi iliyotuma mesaji. Mesaji usizifute, hata kama zinakuchosha. Zile ndizo mashahidi wako.

Yule mama wa tomati alipofika kwa kampuni, walimrudishia unite za zile siku tisa tu ambazo alikuwa ameandika na mesaji zake ziko. Za miezi ya nyuma alikosa, sababu hakuwa na kitu cha kuonyesha. Hasara ya tomati nayo hakuna aliyeilipa.

Hatua kwa hatua

1. Zuia kwanza. Mara nyingi ukituma neno STOP kwa ile namba fupi, inakatika. Ikikataa, piga kwa huduma ya wateja ya kampuni yako na uombe waondoe masomo yote yaliyo kwenye namba yako. Uliza jina la yule anayekujibu, andika jina na saa.

2. Sema unachotaka. "Munaniibia" haimsaidie mtu kukusaidia. Sema: "Tangu tarehe fulani munanikata franka 100 kila siku kwa somo ambalo sikuomba. Naomba mulifunge na munirudishie unite za siku hizi." Kwa heshima, lakini bila kuzunguka.

3. Simu isipozaa kitu, andika barua. Weka jina lako, namba ya simu, tarehe, kiasi, na ombi lako. Bandika kopi ya ule ukurasa wa kaye. Kama katibu wa koperative anajua Kifaransa, aandike kwa Kifaransa, itatembea haraka. Peleka makaratasi mawili kwa ofisi ya kampuni: moja wanabaki nayo, ya pili wapige kashe na tarehe, urudi nayo nyumbani. Barua bila kashe, kesho watasema hawakuiona.

4. Wakinyamaza, pandisha. Kuna ofisi ya serikali inayosimamia makampuni ya simu, ARPTC, yenye makao Kinshasa. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020 ndiyo inaongoza mambo ya simu katika inchi yetu. Tumeni kwao kopi ya barua yenye kashe. Kopi nyingine muache kwa sosiete sivile ya kwenu.

Neno moja la hatari: unapolalamika, hakuna mtu wa kampuni mwenye haki ya kukuuliza kode ya siri ya pesa za simu. Wako watu wanaopiga na kusema, "Sisi ni huduma ya wateja, tunataka kukurudishia unite, tupe kode." Kata ile simu mara moja. Wengine walitafuta franka 3.000 wakapoteza pesa zote za msimu.

Mmoja analia, wengi wanahesabu

Munakumbuka RAM? Ilianza mwezi wa 9 mwaka 2020. Walituambia ni ya kuandikisha simu zote na kupigana na simu za wizi na za bandia. Simu ndogo ya 2G ililipa dola 1 kwa mwaka, simu ya 3G ao 4G dola 7, na ilikatwa kidogo kidogo ndani ya unite. Huku kwetu wengi hawakuelezwa kitu. Waliona tu unite zinapunguka, wakagombana na mwenye kabine ambaye hakuwa na kosa.

Ile haikuwa kosa la kampuni moja, ilikuwa amri ya serikali. Lakini watu walilalamika katika miji mingi, vijana waliandamana, wabunge walimuuliza waziri maswali, na mwezi wa 3 mwaka 2022 RAM iliondolewa. Hata kitu chenye amri kilirudi nyuma, sababu kila mtu alikuwa anaonyesha hesabu ile ile.

Ndiyo maana tunaomba jambo moja. Kwa mkutano wenu unaokuja, kila mwanamemba alete simu yake. Vijana wanaojua kusoma mesaji wawasaidie ba mama na wazee kutafuta zile namba fupi, bila kufungua sehemu ya pesa. Katibu aandike orodha moja: jina, namba ya simu, somo, franka kwa siku. Mtu mmoja akifika ofisini na franka 900, watamwambia simu yake ni mbovu. Koperative ikifika na majina 25, namba fupi moja na tarehe zinazofanana, itakuwa vigumu kusema simu zote 25 ni mbovu.

Sisi tutapita kwenu kama kawaida kwa kuangalia maharagi. Mutuonyeshe na hiyo orodha, tutasaidia katibu kuandika barua.